Mkono wa Difu wa Gari la Mama

Wapo watu wanaodharau wakiudhiwa. Sellamuthu aliamka na dharau yake tayari, kama mwingine anavyoamka na kikohozi. Akipiga mswaki aliidharau dawa ya meno ya siku hizi. Akinywa chai aliidharau chai, ingawa ilitoka kwenye vichaka vilevile alivyovichuma mama yake kwa miaka thelathini. Akifika gereji alianza na magari, akaja kwa wenye magari, akamalizia na mafundi waliowahi kuyagusa kabla yake, na hao wa mwisho ndio aliowachambua mpaka mfupa.

"Nani alikufungia hii nati?" aliuliza, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

"Fundi mmoja wa mjini, mzee."

"Huyo si fundi. Huyo ni muuza samaki. Umepeleka gari kwa muuza samaki, halafu unaniletea mimi harufu."

Na bado watu walirudi, kwa sababu mikono yake ilikuwa mizuri. Hilo lazima lisemwe, ingawa yeye mwenyewe alilisema sana hata mtu mwingine akakosa hamu ya kulisema. Alizaliwa kwenye zile nyumba za mstari za wachumaji, hapo hapo kwenye shamba la chai la Bukit Lalang, akajifunza ufundi kwa kuosha magari ya meneja, na alipofika miaka sitini na mmoja alikuwa na kibanda chake cha mabati nyuma ya kiwanda cha chai, kitambi cha heshima, na masharubu aliyoyapaka rangi nyeusi kila Ijumaa asubuhi huku akiwacheka wanawake wanaojipodoa.

Lakini fahari yake haikuwa gereji. Fahari yake ilikuwa gari la Mama.

Mama ni Mama Mariamma, mungu wa kike ambaye hekalu lake liko juu kabisa ya kilima, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angejenga kitu kinachohitaji kupandiwa na watu elfu moja kwa siku moja. Kila mwaka, mwezi wa nne, sanamu yake hushushwa mpaka kiwandani, hupambwa, huketishwa kwenye kigari kirefu chenye maua na taa, kisha hupandishwa tena nyumbani kwake kwa ngoma na zumari. Zamani kigari kilivutwa na maksai. Maksai walipoisha kikavutwa na Landrova ya mwaka themanini na nne, ya kijani kilichochujuka, ambayo meneja aliliachia hekalu alipopata gari jipya na kutafuta mahali pa kutupa la zamani bila kuonekana mchoyo. Milango yake miwili haikufungika na mmoja haukufunguka.

Katikati ya kilima ipo kona moja ambayo chemchemi hupita juu yake mwaka mzima. Lami ilishawekwa pale mara tatu na mara tatu ikaondoka na maji. Watu huiita Kona ya Tope. Pale gari la kawaida hukwama kwa sababu ileile kila mara: gurudumu moja likiteleza, nguvu yote ya injini hulikimbilia hilohilo linaloteleza, nalo linazunguka bure huku mengine matatu yakitazama. Dawa yake ni kufuli la difu, ile gia inayoyagawia magurudumu nguvu ya injini. Kando ya gia kubwa ya Landrova upo mkono mwingine mfupi. Ukiusukuma kushoto, difu inajifunga, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yanalazimika kuvuta pamoja, yapende yasipende. Bila huo mkono, Mama hapandi. Angebaki pale topeni na taa zake na maua yake, mbele ya watu elfu moja.

Na mkono huo ulimtii mtu mmoja tu duniani.

Kwa miaka kumi na minane Sellamuthu ndiye aliyeketi kwenye kile kiti, shati jeupe, shuka nyeupe, kitambaa cha manjano shingoni. Ikifika Kona ya Tope alisimamisha gari, ngoma zikanyamaza, naye akaweka kiganja chote juu ya ule mkono, akauma meno, akaupiga na goti mara moja, mara mbili, mpaka ukaingia kwa kishindo kilichosikika mpaka nyuma ya msafara. Watu wakashangilia. Wanaume wengine walishawahi kujaribu gari likiwa limeegeshwa, na hawakuusogeza hata kidogo.

"Gari hili lina wivu," aliwaambia. "Linajua mkono wa mwenyewe. Nyinyi endeleeni na pikipiki zenu."

Kanniamma, mke wake, ambaye ndiye aliyefua na kupiga pasi lile shati jeupe miaka yote hiyo, aliwahi kuomba afundishwe kuendesha, walau mpaka dukani. Sellamuthu alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Na vile vidole vya kuchambua dengu? Mama watoto, kuna kazi za nguvu na kuna kazi za jikoni."

Kanniamma alirudi jikoni. Alichambua dengu.

Sasa mwaka huu ninaousimulia, Sellamuthu alikuwa ametoka hospitali kupasuliwa ngiri, na miezi miwili hakuruhusiwa kuinua hata ndoo. Kwa miezi hiyo gari la Mama lilihudumiwa na Seng. Huyu Liew Yoke Seng alikuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita, kisha akafanya kosa lisilosameheka: aliondoka, akafungua gereji yake mjini Brinchang, na akanunua mashine ya kuchomeka kwenye gari ili gari liseme lenyewe linaumwa wapi. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, mwenye watoto watatu na mafundi wawili chini yake, na kila mwaka alipanda kilima na mama yake mzazi kumpelekea Mama machungwa. Sellamuthu alimwita "yule wa nyaya".

Siku ya Alhamisi, siku tatu kabla ya sherehe, Sellamuthu alikwenda kulipasha moto gari. Injini iliwaka vizuri, na hilo lilimuudhi kidogo, maana mafuta yalikuwa yamebadilishwa na Seng. Akaweka kiganja juu ya mkono wa difu, akasukuma kushoto. Haukusogea. Akaupiga na goti. Akaupiga tena, kovu la ngiri likamkumbusha liko wapi. Mkono ulikuwa umesimama pale pale.

Akafanya anachofanya fundi yeyote mwenye akili: alirudi kinyumenyume hatua ishirini, akikata usukani huku na huku, kwa kuwa pengine meno ya gia yamebanana na yanahitaji kulegezwa. Hakuna kitu. Akamimina mafuta ya taa pale mkono unapoingilia sakafuni, akasubiri, akamimina mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri tena. Akavisha bomba la maji juu ya mkono ili aongeze nguvu, akavuta, na mkono ukapinda kama kijiko lakini chini haukuzunguka.

Alikaa sakafuni mwa gari, akifuta jasho. Wala hakujiuliza kuna nini. Alijiuliza ni nani, na jibu alikuwa nalo tayari.

"Seng," alisema. "Ameniulia gari la Mama."

Ijumaa jioni, baada ya ibada, kamati ya hekalu ilikaa kwenye mikeka. Mwenyekiti alikuwa Rengasamy, karani mstaafu wa mizani, mtu aliyezungumza kama anasoma tangazo la ukutani hata akiomba chumvi.

"Tumepokea taarifa," alisema Rengasamy, "kwamba gari lina hitilafu ndogo."

"Ndogo?" Sellamuthu alisimama. "Bwana Mwenyekiti, mkono wa difu umekufa. Jumapili mnataka kumvuta Mama kwa nini, kwa kamba na dua? Gari niliwaachia zima. Nimerudi nimekuta limeguswa na yule wa nyaya. Hesabu ni nyepesi hata kwa karani."

Seng alikuwa ameitwa, na alikaa mwishoni kabisa, karibu na viatu.

"Mzee," alisema kwa upole, "mimi nilibadilisha oili na filta tu. Mkono niliukuta mzito sana. Nilimwambia Bwana Mwenyekiti ufunguliwe kabla ya sherehe."

Rengasamy akakohoa. "Ni kweli, taarifa hiyo ililetwa. Kamati iliona kwamba gari limezoea mkono wa Bwana Sellamuthu, hivyo lisifunguliwe bila yeye."

"Umeukuta mzito kwa sababu wewe ni mwepesi!" Sellamuthu alifoka, na watu wakacheka, na kicheko chao kikampandisha. "Miaka sita nilikufundisha kushika spana, ukashika kama unashika vijiti vya kulia tambi. Umeingiza kitu mle. Sijui ni gundi, sijui ni uchafu gani wa mjini. Hilo ni gari la Mama, si gari la mboga!"

"Sikugusa mkono, mzee."

"Basi tuone."

Hapo akafanya jambo ambalo halikuwa na lazima hata kidogo. Alichukua kipande cha kafuri kwenye sinia, akakiweka sakafuni mbele ya mlango wa Mama, akakiwasha. Mbele ya moto wa kafuri mtu hatanii. Akiuzima kwa kiganja, alichosema kimefungwa, na hakuna kamati inayoweza kukifungua.

"Kesho nitaufungua mkono ule mchana kweupe," alisema, "na huyu atakuwa pale aone kwa macho yake. Na yule ambaye mkono wake umeliharibu gari la Mama, asikae tena kwenye kiti kile maisha yake yote. Mama anasikia."

Akauzima moto kwa kiganja. Kanniamma, upande wa wanawake, alifunga macho. Alikuwa ameolewa na mdomo ule kwa miaka thelathini na sita na aliujua unavyotembea bila kuangalia njia.

Jumamosi asubuhi Seng alifika mapema, na vifaa vyake kwenye sanduku safi. Sellamuthu hakumruhusu kulifungua.

"Wewe ni shahidi. Shahidi hana spana."

Rengasamy naye alikuja kushuhudia, lakini baada ya robo saa alisema anaangalia mambo ya chakula, akaenda kuyaangalia kwa karibu sana, maana walisikia akiomba sahani. Wakabaki wawili, na Kanniamma mlangoni mwa kibanda akimenya vitunguu vya kesho.

Sellamuthu alitoa boksi la katikati ya viti, akang'oa zulia lililooza, akafungua bamba la sakafu. Raba inayouzunguka mkono kwa chini, ile ya kuzuia vumbi, ilikuwa imepasuka zamani, imebaki kitambaa tu. Alikuwa ameiona ikiwa hivyo miaka mingi, na miaka mingi alisema ataibadilisha. Akafungua bolti nne za kile kikombe cha chuma ambamo mpira wa chuma wa mwisho wa mkono hukaa na kuzunguka. Alifanya kazi huku anazungumza, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

"Angalia vizuri. Leo utaona kazi yako kwa macho yako. Mtu anafungua gereji, ananunua mashine ya kuongea na magari, na mkono wa difu unamshinda. Lete tochi. Isogeze. Hata tochi huwezi kushika?"

Akagonga kikombe kwa nyundo ya mbao. Hakikutoka. Akagonga tena, kikang'oka na kipande kizima cha kitu kigumu kimekishikilia kwa chini, kikubwa kama ngumi. Akakigeuza kwenye mwanga.

Sellamuthu aliisogeza tochi mwenyewe.

Kile kitu hakikuwa gundi, wala grisi iliyokauka. Kilikuwa kimejipanga tabaka juu ya tabaka: kahawia, nyekundu, manjano, halafu kahawia tena, nyekundu tena, manjano. Katikati ya kahawia palikuwa na zabibu nzima, imekauka lakini bado ni zabibu. Kando yake punje za iliki. Na sisimizi, wengi sana, waliokuja kula wakabaki.

Seng aliinama, akanusa.

"Ndizi," alisema.

Hapana mtu wa Bukit Lalang ambaye hangejua zimetoka wapi. Asubuhi ya sherehe, kabla gari halijaondoka, hupakwa manjano na unga mwekundu, huwekewa ndimu nne chini ya magurudumu manne ili liziponde, na hutiwa kidogo ule mseto mtamu wa Mama: ndizi zilizopondwa, asali, sukari guru, samli, zabibu na iliki. Kidogo, kwa ncha ya kidole. Ndivyo kuhani alivyosema mwaka wa kwanza. Sellamuthu alimcheka kuhani. Mama si maskini, alisema, na mkono wa difu ndio unaompandisha, basi ule ushibe. Akamimina bakuli zima juu yake. Na kila mwaka akamimina bakuli zima, akafuatisha unga mwekundu na manjano, kwa mkono wake mwenyewe, na hakumruhusu mtu mwingine hata kugusa lile bakuli. Mseto ukateremka kupitia raba iliyopasuka, ukaingia kwenye kikombe, ukakaa. Mwaka wa kwanza ulifanya mkono uwe mzito kidogo. Mwaka wa tano ulihitaji kiganja. Mwaka wa kumi, goti. Ile miezi miwili ya kuuguza ngiri mkono ulikaa bila kusukumwa, na mseto ukapata nafasi ya kumaliza kazi yake.

"Nimemwaga mafuta ya taa siku mbili," Sellamuthu alisema polepole, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa.

"Sukari haiyeyuki kwa mafuta, mzee," Seng alisema. "Inataka maji ya moto."

Fundi aliyefanya kazi miaka arobaini anaambiwa jambo ambalo mpishi yeyote analijua. Kanniamma aliweka kisu chini, akaingia ndani, akarudi na birika. Maji yalikuwa yamechemka tayari kwa ajili ya chai. Sellamuthu alilipokea bila kumtazama, akamimina juu ya kikombe, na yale matabaka ya miaka kumi na minane yakaanza kulegea na kutiririka sakafuni, mekundu na manjano, na kibanda chote kikanukia sherehe. Kwa robo saa tu mpira ulikuwa unazunguka ndani ya kikombe chake kama siku ulipotoka kiwandani. Wakausugua kutu kwa msasa, wakatia grisi mpya, wakanyoosha mkono uliopinda. Seng alitoa raba mpya kwenye sanduku lake safi. Alikuwa ameinunua tangu mwezi uliopita.

Wakati wa kufunga bolti ya mwisho, Seng aliangalia nje, akaona Rengasamy bado yuko kwenye sahani yake.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Sema ilikuwa kutu. Kutu haina mwenyewe. Mimi sikuona kitu."

Na hapa ndipo mtu angetegemea Sellamuthu ashike ile nafasi kwa mikono miwili. Kiti kilikuwa chake bado. Shati lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa ukutani. Shahidi mwenyewe anakataa kushuhudia. Lakini alimtazama Seng, na kilichompanda kooni hakikuwa shukrani, wala majuto. Ilikuwa ile ile dharau yake ya siku zote, ila safari hii haikuwa na pa kutua ila kwake mwenyewe, nayo ilimchoma.

"Unanionea huruma?" alisema. "Wewe? Yule wa nyaya ananionea huruma mimi?"

"Siyo hivyo, mzee..."

"Nyamaza. Nikae kwenye kiti kile kila mwaka, wewe usimame na machungwa yako pembeni ukinitazama, ukijua? Afadhali nimezwe na Kona ya Tope."

Akakata jani la mgomba nyuma ya kibanda, akaweka juu yake kipande kilichobaki, kile chenye zabibu, akatoka nacho jinsi alivyo, grisi mpaka kwenye masharubu, akakiweka mbele ya sahani ya mwenyekiti.

"Bwana Mwenyekiti, hiki ndicho kilichoua mkono wa difu. Kinanukia nini?"

Rengasamy alinusa, akaelewa, akaanza kutafuta maneno ya tangazo. "Hili... hili ni jambo la ibada. Kiapo, kwa maoni ya kamati, kilihusu uharibifu wa kifundi. Kamati inaweza kukitafsiri kiapo kwa namna ambayo..."

"Usinitafutie mlango wa nyuma!" Watu waliokuwa wakikata mboga waligeuka wote. "Kafuri haina tafsiri. Nilisema yule ambaye mkono wake umeliharibu. Mkono ni huu. Mjinga ni huyu. Miaka kumi na minane nimelilisha gari ndizi kama nyani, na nikimuona mwenzangu namwita muuza samaki. Seng ataendesha. Na kama kuna anayetaka kucheka, acheke sasa, kesho nina kazi."

Hakuna aliyecheka. Hilo nalo lilimuudhi.

Usiku ule Kanniamma aliliteremsha shati kwenye msumari. Lilikuwa kubwa mno kwa Seng. Asubuhi Sellamuthu alimsimamisha yule mwanamume katikati ya kibanda, akalikunja shati mgongoni na kulibana kwa pini nne.

"Huna kifua, huna tumbo," alisema akibana. "Sijui Mama atadhani anaendeshwa na hanga ya nguo. Simama wima. Ukifika kwenye kona usiharakishe. Simamisha gari kabisa, halafu ndiyo usukume. Ukishapita tope, utoe, la sivyo utakula matairi kwenye lami. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Husikii wewe. Hujawahi kusikia."

Akampa kitambaa cha manjano. Ndimu nne aliziweka yeye mwenyewe chini ya magurudumu. Bakuli la mseto lilipoletwa, Seng alilipokea, akachovya ncha ya kidole kimoja, akagusa kichwa cha mkono wa difu, basi. Kuhani, mzee sana sasa, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesubiri jibu la barua kwa miaka kumi na minane.

Msafara ulipanda. Sellamuthu alitembea kando ya barabara pamoja na wanawake na wagonjwa, kwa sababu ya kovu, akikosoa njia nzima. Gia ya pili ilichelewa. Breki ilishikwa mapema. Ngoma zenyewe zilikuwa za hovyo mwaka huu. Kanniamma alitembea pembeni yake na sahani ya maua.

Kwenye Kona ya Tope gari lilisimama. Ngoma zikanyamaza. Watu elfu moja wakanyamaza nao, maana hiki ndicho kipande walichokisubiri: meno kuumwa, goti, kishindo. Sellamuthu alisogea mpaka kwenye ukingo wa tope, karibu na dirisha, akaona ndani. Alikuwa ameshapanua mdomo amwambie Seng aweke kiganja chote.

Seng alikuwa ameshika usukani kwa mkono wa kulia. Kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, kama mtu anayesogeza kikombe cha chai mezani, aliusukuma mkono wa difu kushoto. Uliingia. Kishindo hakikuwepo. Ilisikika tiki ndogo tu, ambayo labda watu watatu waliisikia, na magurudumu manne yakauma tope kwa pamoja, na Mama akapanda taratibu na taa zake na maua yake, na ngoma zikalipuka tena.

Kile kilichokuwa nguvu za Sellamuthu, kile kilichoshangiliwa kila mwaka, kumbe kilikuwa kushindana na ndizi zake mwenyewe. Gari halikuwa na wivu hata siku moja.

Msafara ukapita. Alibaki amesimama, tope limemrukia mpaka kwenye shuka nyeupe. Kanniamma naye alibaki, amesimama pembeni yake, akiwa bado anaangalia pale lilipokuwa dirisha la gari.

"Vidole viwili?" aliuliza.

"Viwili."

Kanniamma alivitazama vidole vyake, vile vya kuchambua dengu, akavigeuza upande mmoja na upande wa pili. Sellamuthu alimwona akivitazama, na alitafuta neno la kumchekea, akalitafuta sana, na hakulipata.